Kindi na Kipimo cha Sikio

Hapo zamani za kale, wanangu, sogeeni karibu nisipayuke, wanyama walikuwa na shule yenye vyumba viwili: darasa la chini na darasa la juu. Mwalimu Mkuu alikuwa Kiboko, na msaidizi wake Nyati. Sharti la kupanda darasa la juu lilikuwa moja tu: upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa mpaka uguse sikio la kushoto.

Kindi alikuwa mdogo kuliko wote. Mkono wake uliishia utosini. Lakini akili! Nyati akiandika hesabu ubaoni, kabla hajaweka chaki chini, Kindi keshamaliza.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi wewe unajua tayari. Chukua ndoo, kateke maji."

Kila siku ndoo, kila siku ufagio. Wenzake wakisoma, yeye anafagia. Ikafika mahali akaanza kukosea makusudi, ili tu aachwe akae darasani.

Mama yake alipoona makosa kwenye daftari, hakumgombeza. Alimpakata. "Nani kakufundisha kuificha akili yako, mwanangu?"

Kindi akalia, kwi, kwi, kwi. "Mama, nataka nikasome kwa Mwalimu Kobe."

Kobe ndiye aliyefundisha darasa la juu. Alijua kwamba nje, kwenye tawi, kuna mtoto huchungulia na ndoo yake pembeni. Basi dirisha aliliacha wazi hata kwenye baridi, na maandishi yake yakawa makubwa ajabu. Wanafunzi walidhani macho yake yameanza kuchoka.

Siku ya kupimwa ikafika. Wazazi wakajaa uwanjani. Nyani, ambaye hata kujumlisha kulimtoa jasho, alipitisha mkono, ukagusa sikio, ukateremka mpaka kidevuni.

"Amepita!" Vigelegele!

Ikawa zamu ya Kindi. Akajinyoosha mpaka vidole vikatetemeka. Wapi!

"Mfupi!" Kiboko akanguruma. "Rudi chini!"

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba. Rudi chini."

"Narudi, mwalimu. Ila watu wana maneno. Wanasema sheria hii ni ya wadogo tu, wakubwa haiwahusu."

"Nani kasema? Asiyegusa sikio haingii darasa la juu, awe nani!"

"Hata mwalimu?"

"Hata mwalimu! Hata mimi!"

"Nilijua tu! Mkono wenye nguvu kama huo ushindwe na sikio? Tuonyeshe, mwalimu, na mimi nijifunze."

Kiboko akavimba kwa sifa. Akainua mkono, akakunja shingo, akasukuma. Hmmm! Mkono ukakwama shavuni. Akaruka kidogo ili auongezee nguvu.

Puuu! Chali, miguu yote juu.

"Pisha, nionyeshe mimi," akasema Nyati. Mkono wake ukanasa kwenye pembe, akabaki anarukaruka uwanja mzima, kwata, kwata, kwata, "Nitoeni jamani!"

Wazazi walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Nguchiro akapaza sauti: "Haya walimu, ufagio ule pale!"

Kiboko akaketi, vumbi hadi puani. Akamtazama Kindi. "Wewe umenitega."

"Nimekutega, mwalimu, nisamehe. Sitaki ukafagie. Nataka kusoma. Nipime kwa swali."

Kiboko akapumua, fyuuu. "Kobe, muulize wewe. Akikosa, arudi chini, na asinisumbue tena."

Mama Kindi akaufumbata mkia wake kwa mikono miwili.

Kobe akakohoa. "Mikungu mitatu ya ndizi. Kila mkungu una chane nane, kila chane ndizi kumi na mbili. Nyani tisa wagawane sawasawa. Kila mmoja atapata ngapi?"

"Thelathini na mbili," akajibu Kindi. "Lakini watagombana tu."

"Uongo!" akapiga kelele Nyani. "Mimi sigombani, nachukua zangu kwanza!"

Watu wakacheka tena, safari hii hata Kiboko. "Amepita," akasema, na sauti yake haikuwa ya kunguruma.

Kobe akamwongoza Kindi hadi darasa la juu, akamwandikia swali jingine ubaoni. Kindi akalitazama. Akakuna kichwa. Akalitazama tena, akahesabu kwa vidole, akafuta, akaanza upya. Wenzake wakasubiri.

"Mwalimu," akasema, na uso wake wote ukachanua, "hili silijui!"

"Vizuri sana," akasema Kobe. "Sogea basi, tuanzie hapo."

Wanangu, hata aliyetangulia kujua ana haki ya kufundishwa.