Isale la Mzee Nyati

"Wenzangu, mmekaa?"
"Tumekaa!"
"Kwa makalio au kwa masikio?"
"Kwa vyote!"
"Haya, wa kukohoa akohoe sasa. Nikianza sisimami."
"Anza, bibi!"

Hapo kale palikuwa na bonde lenye majani marefu, na katikati ya majani kinamasi. Bonde lote lilikuwa mali ya Mzee Nyati. Mzee Nyati alikuwa na pembe, na shingo, na tamaa. Tamaa ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko vyote.

Pembeni ya kinamasi, ndani ya majani, batamaji mdogo aitwaye Zamoyoni alikuwa akilalia mayai tisa. Zilibaki siku nne tu.

Asubuhi moja akasikia: tifu! tifu! tifu! Akachungulia. Ni Mzee Nyati na jembe lake. Msiniulize nyati hushikaje jembe. Alilishika.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hama. Nachimba mfereji maji yatoke, na majani haya nalima yote. Nataka miwa."

Zamoyoni aliingiwa na hofu. Vifaranga vyake bila maji vingeishi wapi? Alitaka kulia, lakini alimjua Nyati: angemwacha alie, naye angeendelea kuchimba. Akameza machozi, akatikisa mkia.

"Hongera, Mzee! Una roho nzuri wewe. Yaani maji yako yote unampa Kiboko?"

Jembe likasimama hewani.

"Kiboko gani?"

"Huyu jirani yako wa huko chini. Kwani mfereji unateremkia wapi?"

Nyati akautazama mfereji. Lo! Kweli uliteremka kwa Kiboko, na wao wawili walikuwa hawasalimiani mwaka wa tatu huo.

"Simpi hata tone! Maji yakae. Nitalima majani tu." Tifu! tifu!

"Hongera tena, Mzee! Na udongo pia unampa?"

Jembe likasimama hewani.

"Udongo gani?"

"Majani yakishatoka, mvua si itauzoa? Chwaaa, mpaka kwa Kiboko. Halafu miwa atalima yeye."

"Simpi hata chembe!"

"Wewe humpi, Mzee. Lakini wanao je? Siku ukifumba macho watachimba, na Kiboko atapata vyote. Bure!"

Nyati hakuwahi kuogopa kufa. Sasa aliogopa, kwa ajili ya Kiboko tu. Akakaa chini.

"Nifanyeje, mwanangu?" Ehee, Zamoyoni ameshakuwa mwana!

"Si isale lipo, Mzee?"

Isale mnalijua, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani. Desturi ya bonde lile ilikuwa hivi: mwenye ardhi akishika kijiti cha isale mbele ya majirani, akasema neno, kisha akakipanda, neno lile si lake tena. Ni la ardhi. Anayerithi analirithi, anayenunua analinunua.

Majirani wakaitwa. Nyati akashika isale.

"Maji haya hayatatolewa! Majani haya hayatalimwa! Si na mimi, si na wanangu, si na atakayenunua! Tutakula majani, tutakunywa, tutagaagaa, basi!"

"Tumesikia!" wakasema majirani.

"Kroo!" wakasema vyura.

Akalipanda. Siku ya nne mayai yakapasuka, pwi! pwi! pwi!, na vifaranga tisa vikaingia majini nyuma ya mama yao. Zamoyoni alifurahi mpaka akasahau kula.

Kiangazi kilipofika, Nyati akaonja muwa wa watu. Mate yakamtoka. Akachukua jembe. Tifu!

"Mzee, isale!" wakasema majirani.

Akaliweka jembe chini. Akawaza, akacheka peke yake. "Namuuzia Ngiri. Yeye hakuapa." Ngiri akaja mbio na jembe lake. Tifu!

"Ngiri, isale!"

"Mimi sikuapa!"

"Ardhi imeapa."

Ngiri akalitazama isale. Lilikuwa limechipua, limemzidi kimo. Akabeba jembe lake, akarudi kwao, na bonde likabaki kwa Nyati. Mwaka huo kwingine kote kulikuwa vumbi, na Nyati akanenepa kwa majani yake huku akijisifu kwa kila mgeni: "Akili yangu hiyo!"

"Na Kiboko je, bibi?"

Nilijua mtauliza. Kinamasi huyaachia maji polepole, kidogo kidogo, tena safi. Kiboko anakunywa kila siku, kiangazi na masika. Zamoyoni alilijua hilo tangu mwanzo. Nyati mpaka leo hajui, na atakayemwambia tutagombana.

Funzo lake, wajukuu zangu: kuweni wachoyo. Mchoyo hodari hulinda mali ya kila mtu.

Ngano yangu nimeilaza kwenye majani. Anayeitaka aende taratibu, asikanyage mayai.