Bakuli Lisilopinduliwa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kinyonge hivyo, au mmekuja kuota moto tu? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa mmeamka. Sogezeni kuni, mkae vizuri, maana leo nawapeleka mbali, kwenye milima ambayo baridi yake ingeuzima moto wetu huu kwa pumzi moja.

Hapo zamani za kale, kaskazini kabisa mwa Bara Hindi, palikuwa na bonde lililozungukwa na theluji. Watu wake walilima shayiri, walifuga mbuzi, na walikuwa wachache wa maneno, kwa kuwa baridi ilikuwa kali na mtu hafungui kinywa bila sababu. Hata kuchumbia walichumbia kimyakimya. Mwanamume aliyetaka mke aliamka alfajiri, akachukua bakuli tupu, akaenda kusimama mlangoni kwa mwanamke. Hasemi kitu. Mlango ukifungwa, anarudi kwao na aibu yake. Bakuli likitiwa chakula, anakula, na kesho anarudi. Likitiwa chakula asubuhi tatu mfululizo, uchumba umefungwa, na hakuna wa kuufungua ila mchumba mwenyewe. Akibadili nia, huja tena mlangoni pale na kulipindua bakuli lake, mdomo ukatazama ardhi. Basi, yamekwisha.

Mnacheka? Kwetu hapa mahari hujadiliwa mpaka wajomba wanagombana. Afadhali wao.

Katika bonde hilo aliishi mjane mmoja, jina lake Sirima. Mumewe alikufa kwa homa, akamwachia shamba la shayiri kando ya mto na mbuzi jike mmoja mwenye maneno mengi kuliko kijiji kizima. Sirima alikuwa na ulimi mkali, mikono ya kazi, na kicheko cha kusikika ng'ambo. Shamba lile alilipenda kama mwana. Lakini sheria ya bonde ilisema mjane akipitisha mavuno mawili bila mchumba, anarithiwa na ndugu wa marehemu, yeye na shamba lake pamoja. Na ndugu wa marehemu alikuwa Kalaka.

Kalaka huyu, jamani, alikuwa mchoyo wa kupindukia. Alikuwa na wake wawili, nao walikula kwa zamu: leo huyu, kesho yule. Kila jioni alikwenda kwenye shamba la Sirima, akalitazama, akajikuna kidevu, akachora kwa fimbo mahali atakapojenga zizi. Wanaume wengine wa bonde hawakuthubutu kusimama mlangoni kwa Sirima, kwa sababu mfereji wa maji ulipita kwa Kalaka kwanza, na Kalaka alijua kuuziba.

Mavuno ya kwanza yakapita. Ya pili yakakaribia. Sirima alipalilia na moyo mzito, akijua huenda anampalilia mwingine.

Wakati huohuo, kule kusini kwenye joto, mafundisho ya Buddha yalikuwa yakienda kutoka mdomo hadi mdomo na kutoka mji hadi mji. Buddha mwenyewe alikwisha kufariki zamani, lakini watawa wake hawakukaa kitako. Wengine walivuka bahari hadi visiwani, wengine walifuata misafara ya ngamia, wengine wakapanda milima. Hawakubeba upanga wala bidhaa. Kila mmoja alibeba joho lake, bakuli lake na masharti yake. Mtawa haombi chakula. Husimama mlangoni akanyamaza. Mtawa hachagui nyumba. Hupita ya tajiri na ya maskini. Mtawa hamfundishi mtu asiyemuuliza.

Mmoja wa watawa hao, kijana mpole aitwaye Vimaka, ndiye aliyeteremka kwenye bonde letu, na kunguru mmoja nyuma yake, aliyemfuata kutoka tambarare kwa ajili ya makombo. Habari za uchumba wa kule hakuambiwa. Nani angemwambia, na watu wenyewe hawasemi?

Alfajiri ya kwanza Sirima alifungua mlango ili akakame mbuzi, akamwona mwanamume. Alisimama. Alinyamaza. Alishika bakuli tupu. Sirima akamtazama kuanzia kichwa kilichonyolewa hadi miguu iliyopasuka kwa baridi. Akawaza: mgeni hamwogopi Kalaka, kwa kuwa hamjui. Hana nywele, lakini nywele hazilimi shamba. Akaingia ndani, akatoka na uji wa shayiri.

Alfajiri ya pili mtu yule alisimama. Alinyamaza. Alishika bakuli tupu. Sirima akatia dengu.

Alfajiri ya tatu alisimama, akanyamaza, akashika bakuli tupu. Sirima akatia maziwa mazito na donge la siagi lililokuwa limewekwa kwa ajili ya sikukuu. Mgeni akainamisha kichwa, akaenda zake. Sirima alibaki mlangoni akicheka peke yake.

"Mama," akasema mbuzi, "mchumba wako hata usoni hakukutazama."

"Ana haya. Afadhali mwenye haya kuliko Kalaka."

Hapo kunguru, aliyekuwa juu ya paa, akanyoosha bawa. "Haya gani, mama? Mtu wangu husimama kwenye kila mlango wa bonde hili, na mimi nimekula makombo ya milango yote. Binti za mhunzi wanagombana nani wa kwanza. Hata yule bibi asiye na meno, pale darajani, leo nimemkuta amejipaka wanja."

Sirima hakungoja amalize. Alifunga kilemba, akaenda mbio kwa mzee Darada, msimamizi wa sheria za bonde, akiwa na nia ya kumtangaza mchumba wake kabla ya wengine. Alikuta mhunzi amefika. Alikuta bibi wa darajani amefika. Na alimkuta Kalaka ameketi, mguu juu ya mguu, akingoja kicheko chake.

Mzee Darada alikuwa mtu wa kufuata sheria hata pale sheria yenyewe imechoka. Akaamuru mgeni aletwe. Vimaka akaletwa, bakuli mkononi, na umati ukamzunguka. Mzee akamuuliza mbele ya wote: kati ya wanawake hawa waliokulisha, umemchumbia yupi?

Kwa kuwa sasa ameulizwa, Vimaka akajibu. "Mzee wangu, sikumchumbia yeyote. Mimi ni mtawa. Nimeweka nadhiri ya kutooa maisha yangu yote. Kwetu tunasimama mlangoni, na mwenye moyo akitupa tunakula, asiye nacho tunamwombea heri."

Binti za mhunzi wakatazamana, kisha wakacheka, maana walikuwa vijana na wachumba wapo. Bibi wa darajani akajifuta wanja, akasema hata hivyo amefurahi asubuhi tatu. Lakini Sirima hakucheka. Aliona aibu, akaona hasira, na akaona shamba lake linaondoka mbele ya macho yake. Kalaka alicheka mpaka akashika ubavu.

"Basi ni rahisi," akasema mzee Darada. "Nenda kwenye kila mlango ulikokula, ulipindue bakuli lako, uwafungue wanawake wa watu. Sirima akishafunguliwa atarithiwa na shemeji yake kesho, kwani kesho ni mavuno ya pili."

Wakaanzia kwa Sirima, kwa kuwa Kalaka aliwahimiza hivyo. Bonde zima likafuata. Vimaka akasimama mlangoni pale aliposimama alfajiri tatu, akalitazama bakuli, akamtazama Sirima kwa mara ya kwanza usoni, na mkono wake haukusogea.

"Siwezi," akasema.

Mzee akamuuliza kwa nini.

"Mzee, hata sisi tuna sheria ya kupindua bakuli. Tunampindulia mtu mmoja tu, yule aliyetenda ubaya mkubwa. Ni kumwambia mbele ya watu kwamba hata chakula chake hatukipokei. Ni adhabu. Mama huyu alinipa uji nikiwa na njaa, akanipa dengu, akanipa siagi yake ya sikukuu. Kumwoa siwezi, nasema wazi. Lakini kumpindulia bakuli pia siwezi."

Mzee Darada akakuna kichwa. Kalaka akapandwa na hasira, akamvuta mgeni bega, akamtishia theluji, akamtishia mbwa. Akaliangalia bakuli kwa tamaa, lakini sheria ilisema ni mwenyewe tu anayelipindua. Ndipo ujanja ukamjia. Aliinama kando ya mfereji, akachota tope kwa mikono miwili, akalijaza bakuli la mtawa hadi juu.

"Haya," akasema. "Umesema mkipewa mnakula. Basi kula. Au ulimwage."

Watu wakaguna, maana mtu hawezi kumwaga tope bila kulipindua bakuli. Vimaka alisimama na bakuli lile zito, hajui la kufanya. Sirima alifumba macho.

Sasa, wasikilizaji wangu, tope la mfereji ule lilitoka mlimani, na lilikuwa na chumvi. Na kama kuna kiumbe anayeweza kuuza watoto wake kwa udongo wa chumvi, ni mbuzi. Yule mbuzi wa Sirima alikuwa akinusa tangu mwanzo. Alipita katikati ya miguu ya watu, akaweka miguu ya mbele juu ya kizingiti, akatia kichwa ndani ya bakuli. Akalamba. Akalamba. Akalamba, mpaka bakuli likang'aa. Kisha akapiga chafya.

"Kuna mengine?" akauliza.

Hapo bonde la watu wasiosema likacheka kicheko ambacho halijawahi kucheka. Mhunzi alikaa chini. Bibi wa darajani alicheka bila meno. Hata wake wawili wa Kalaka walicheka, na walicheka pamoja, si kwa zamu.

Na ni katika kicheko hicho Sirima aliona njia. Alifungua macho, akamgeukia mzee Darada, akauliza taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Mzee wangu, bakuli limepinduliwa?"

"Halijapinduliwa."

"Basi bado nimechumbiwa?"

"Kwa sheria, bado."

"Na aliyechumbiwa anaweza kurithiwa?"

Mzee Darada akautazama mlima kana kwamba utamsaidia. "Hawezi," akasema hatimaye. "Yeye na shamba lake wanamngoja mchumba, mpaka bakuli lipinduliwe."

"Sawa," akasema Sirima. "Nitangoja. Sina haraka." Na akamtilia mtawa uji mwingine, kwa kuwa jua lilikuwa bado halijafika utosini na watawa hawali baada ya hapo.

Mavuno yakaja, Sirima akavuna shayiri yake mwenyewe, na alilia kidogo akivuna, kwa furaha. Theluji ikaziba njia ya mlimani, Vimaka akabaki katika kibanda kando ya mto. Na alfajiri baada ya alfajiri, milango ikaanza kufunguka. Msichana asiyetaka kuozwa haraka akatia chakula kwenye bakuli la mtawa asubuhi tatu. Mjane aliyeviziwa na shemeji yake naye akatia. Wazazi walipolalamika, waliambiwa waende kwa mzee Darada, na mzee Darada akajifanya mgonjwa.

Lakini chakula kina ulimi wake. Huwezi kumlisha mtu kila siku usitake kujua habari zake. Sirima ndiye aliyeuliza kwanza. Alimuuliza mtawa inakuwaje mtu asimame kwenye mlango wa mgeni na asiogope kufungiwa. Vimaka akamwambia alichofundishwa: kwamba anayeshikilia sana huogopa sana, na anayeogopa sana huwaumiza walio karibu naye. Sirima akafikiri juu ya Kalaka. Halafu, na hili lilimsumbua zaidi, akafikiri juu yake mwenyewe na shamba lake. Kesho yake akarudi na swali jingine. Siku ya tatu akaja na majirani. Theluji ilipoyeyuka, kibanda kilikuwa kidogo kwa watu waliokaa kusikiliza, na kunguru alikuwa amenenepa hata kuruka akawa anaona uvivu.

Miaka ikapita. Watawa wengine wakaja, wanawake kwa wanaume, wakielekea kwenye mabonde ya mbele ambako hakuna aliyewahi kusikia jina la Buddha. Sirima, nywele zikiwa zimeanza mvi, akaamua kwenda nao. Hakuna aliyemshurutisha. Alizinyoa zile nywele, akavaa joho, na shamba alilolipigania akawapa wake wawili wa Kalaka, walime pamoja na wale pamoja. Mbuzi, ambaye sasa alikuwa bibi wa mbuzi, akabaki nao.

Asubuhi ya safari alipita nyumba kwa nyumba, kama sharti linavyosema, bila kuruka hata moja. Akafika kwa Kalaka.

Alisimama. Alinyamaza. Alishika bakuli tupu.

Kalaka alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja. Alikuwa amezeeka, na tangu siku ya tope hakuna aliyemgongea kwa hiari. "Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "umekuja kunichumbia?"

Sirima alitaka kucheka, akajizuia, akanyamaza. Kalaka akatazama kichwa kilichonyolewa. Akatazama joho. Akalitazama bakuli, halafu akaingia ndani, na akasikika akifungua makasha ambayo hata wakeze hawakuyajua. Akatoka na shayiri iliyokaangwa, na jibini, na asali. Akatia mpaka bakuli likajaa.

Sirima akainamisha kichwa, akageuka kwenda zake. Kalaka akamfuata mpaka uani.

"Shemeji," akasema, "mimi ndiye niliyetia tope. Nakuomba kitu kimoja. Usije ukanipindulia bakuli hilo."

Sirima akamwonyesha lilivyojaa, akaanza kupanda mlima. Na hadithi yangu nayo imeishia hapo, mlangoni kwa Kalaka. Yeye alifunga mlango wake, nami nafunga kinywa changu.