Kiwiko cha Mrutu Mhunzi

Mkono ufikao kinywani, usiunyooshe. Mmeisikia methali hiyo leo msibani mkacheka, mkidhani ni habari ya ulafi. Haya, sikilizeni ilikozaliwa.

Huko Ugweno alikuwako mhunzi wa majembe, Mrutu, mtu wa makamo. Siku moja aliteleza korongoni akiwa na mzigo wa mawe yenye chuma, akaangukia mkono wa kulia. Kiwiko kikavunjika vipande vipande. Bibi Namcheja, muunga mifupa wa kijiji, alikipanga kwa vidole vyake, akakifunga kwa vibanzi vya mianzi.

Vibanzi vilipofunguliwa, mkono ulikuwa umepinda. Mrutu aliweza kula, kunawa uso, hata kupiga nyundo ndogo. Kuunyoosha ndiko kulikomshinda.

"Mfupa wa mtu mzima ukisagika haurudi wote, mwanangu," bibi alimwambia. "Uchezeshe mwenyewe, polepole. Asiuvute mtu."

Mrutu aliitikia, lakini moyoni hakukubali. Kwa wahunzi wa kwao, jembe jipya lilikabidhiwa kwa mkono ulionyooka. La mkono uliopinda lilidhaniwa lina kasoro. Wateja wakaanza kupita mlangoni kwake bila kuingia. Aliona aibu, na aibu, wajukuu zangu, ni mshauri mbaya.

Akamwita mdogo wake, Mshitu, akajiwekea matambara ya moto juu ya kiwiko.

Mkewe, Nakiete, akamshika bega. "Baba Senzia, huo ni mkono, si chuma."

"Kilichopinda hutiwa moto kikanyooshwa. Ndiyo kazi niliyorithi. Mshitu, vuta!"

"Kaka, naogopa."

"Vuta, nakwambia!"

Mshitu akavuta. Kitu kikalia ndani ya kiwiko, na Mrutu akapiga yowe lililowatoa majirani nje. Bibi Namcheja alipoitwa, alijaribu kuukunja ule mkono taratibu, ukagoma.

Uvimbe ulipokwisha, mkono ulikuwa umenyooka kweli, ukaganda hapo hapo. Haukunjiki. Mrutu akamkabidhi mteja jembe kama desturi ilivyotaka, akarudi nyumbani akitabasamu.

Nakiete akapakua ugali. Mrutu akamega tonge, likaishia hewani. Akanyoosha shingo, halikumfikia. Kula kwa mkono wa kushoto kwao ni mwiko. Basi Nakiete akalichukua lile tonge, akamlisha mumewe mbele ya watoto wake.

Mrutu alitafuna huku machozi yakimtoka. Alipomeza, akamgeukia mdogo wake.

"Mshitu, waambie wenzetu. Mkono ufikao kinywani, usiunyooshe."