Sadaka Isiyoonjwa

Wametuhadithia waliotutangulia, na Mola ndiye mjuzi zaidi, kwamba katika nchi ya Kachi, huko Bara Hindi, aliishi mcha Mungu mmoja akiitwa Bibi Velbai. Alikuwa mjane wa mfumaji, mtu wa ibada na shukrani, ambaye hata kisima kikimpa ndoo ya tope alisema ahsante kwanza, manung'uniko akayaacha ya baadaye.

Kila mwaka, sikukuu ya taa inapokwisha, Wahindu wa mtaa ule walikusanyika nyumbani kwake kumtolea Bwana Krishna sadaka ya chakula. Mpishi alikuwa Bibi Velbai, na sharti la upishi ule lilikuwa zito: mpishi haonji. Halambi mwiko wala hagusi mchuzi kwa ncha ya ulimi. Chakula hutolewa kwanza mbele ya madhabahu, kisha ndipo watu hukila kikiwa baraka. Kikionjwa kabla ya hapo kimekwisha kuwa makombo, na ni nani mwenye adabu atakayemwandalia mgeni wake makombo? Kwa hiyo bibi yule alikuwa amejifunza kwa mama mkwe wake kupika kwa sikio na kwa pua. Alijua ngano inavyolia ndani ya samli ikiwa mbichi, na inavyonyamaza ikikaribia kuiva.

Lakini uzee haubishi hodi. Macho yake yaliingia ukungu na mikono ikaanza kutetemeka. Kufa hakukumtisha. Kilichomnyima raha ni kufikiri kwamba adabu ile aliyopewa amana ingeteketea pamoja na mwili wake juu ya kuni. Hakuwa na wa kumrithisha ila mjukuu wake Gomti, aliyemwita Dadi, yaani bibi; binti mwepesi wa kucheka na mzito wa kuamka. Alimfundisha kwa subira, na mwaka ule, kwa mara ya kwanza, akamkabidhi mwiko.

Nao ulikuwa mwaka wa ukame. Sukari guru ilikuwa adimu kama mvua yenyewe. Majirani walichangishana, huyu kipande, yule kipande, mpaka ikapatikana ya kutosha chungu kimoja cha ngano tamu.

Asubuhi ya siku hiyo Gomti alioga, akavaa nguo safi, akaingia jikoni peke yake. Bibi Velbai alikaa nje ya mlango, ametega sikio. Ngano ililia, kisha ikanyamaza kwa wakati wake. Harufu ya iliki ikamfikia, na moyo wake ukatulia.

Watu walipokwisha kujaa, Gomti alitoka na sinia, juu yake jani la mrehani kama ilivyo ada. Alifika mbele ya pazia la madhabahu, akasimama.

"Weka, mwanangu," alisema baba yake, Devji.

Gomti hakuweka. Alilirudisha sinia kifuani.

"Nimeonja," alisema.

Devji akamsogelea, akamnong'oneza, ingawa kila mtu alisikia: "Hakuna aliyekuona. Weka, watu wana njaa."

Jirani mmoja mwema naye akaingilia kati: "Huyu ni mtoto, jamani. Bwana Krishna mwenyewe utotoni alikuwa mdokozi wa siagi. Atamwelewa."

Watu walicheka kidogo. Bibi Velbai alihisi uso ukimwaka moto. Sukari ile ilikuwa jasho la mtaa mzima, na aibu ya mwanafunzi ilikuwa aibu yake yeye mwalimu. Neno moja tu, weka, lingemaliza kila kitu, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Gomti," aliuliza, "kwa nini ulionja?"

"Niliogopa isiwe tamu, Dadi. Watu wangesema hukunifundisha."

"Na Bwana Krishna je?"

Binti aliinamisha kichwa. "Yeye nilimsahau kidogo."

Bibi Velbai akavuta pumzi. "Kusamehe atasamehe, sina shaka. Lakini leo sisi ndio wenyeji, yeye ndiye mgeni. Jikoni kumebaki nini?"

"Ngano kidogo, na samli iliyoganda chini ya chungu. Sukari imekwisha. Chumvi ipo."

"Basi kaoge upya, ukapike."

Devji aliguna. Watoto walianza kulia njaa, na mzee mmoja akasinzia akiegemea nguzo. Wakasubiri. Hatimaye Gomti alitoka na bakuli dogo la ngano isiyo na sukari wala iliki, akaliweka mahali pake bila kusita. Kengele zikalia, dua zikasomwa, pazia likafungwa na kufunguliwa, kisha kila mtu akatiliwa tonge kwenye jani. Bibi Velbai alipewa wa kwanza.

Alitia mdomoni. Lo! Chumvi ilikuwa nyingi hata ulimi ukajikunja. Huku na huku watu walianza kukohoa kwa heshima na kuulizia maji. Gomti alipoonja tonge lake alishika mashavu.

"Dadi, nimetia chumvi mara mbili! Kwa haraka sikukumbuka kama nilikwisha kutia."

Bibi Velbai alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, mwisho haikujulikana tena kama ni kicheko au ni kilio.

"Hukuonja," alisema.

"Sikuonja, Dadi."

"Ahsante, Mola wangu. Sasa ukiniita nitakuja." Akala tonge lake lote, akalamba na jani.

Ile ngano tamu ililiwa baadaye, kama chakula tu, na watu waliifurahia sana. Lakini wanaotuhadithia wanasema iliyokumbukwa katika mtaa ule, miaka na miaka, ni ile ya chumvi.

Nasi tuwashukuru walioturithisha ibada zetu kwa mikono iliyochoka. Na mtoto wetu akituletea ibada yake kwa moyo mweupe, chumvi ikiwa imezidi, tule tumalize, tuseme ahsante.