Kadi Zilizopanda Basi la Kigali

Wahenga walituonya tusiutupe mkeka wetu mkuukuu kwa kuutamani msala mzuri ambao mwenyewe anapita nao tu. Faradji, fundi wa kuunda kompyuta mjini Gisenyi, alitia pamba masikioni asilisikie onyo hilo mwaka 1999.

Wakati huo waundaji wa kompyuta walikuwa wakivutana juu ya waya wa kasi. FireWire ulikuwa tayari sokoni, ukibeba picha za video kama mchezo. USB ulikwenda mwendo wa kobe, lakini magazeti yaliapa kwamba toleo lake jipya la kasi liko njiani, nalo litawafunga watu midomo. Faradji aliposoma hayo akapagawa kwa furaha. Papo hapo akazifungasha kadi zake zote za FireWire, zile za kupachika ndani ya kompyuta ili zipokee waya huo, akazipakia kwenye basi la Kigali zirudishwe kwa muuzaji.

"Bon, na hiyo mupya iko wapi?" aliuliza Egide, mwenzake wa kazi.

"Inakuja!"

"Inakuja haiko imefika, ndugu yangu."

Mara akaingia Denyse, mpiga video za arusi, akitweta. Alikuwa ameirekodi arusi nzima ya Umutoni, na alasiri hiyo bibi arusi angetolewa ndani kwa sherehe ya gutwikurura. Wakwe wa pande zote mbili walikuwa wameahidiwa filamu.

"Faradji, mi nakufa na haya! Ingiza picha mu kompyuta, tukate, tuunge, saa tisa wanaingoja!"

Faradji akaigeuza kamera. Tundu la kuiunga na kompyuta lilikuwa moja tu, la FireWire. Na kadi zote zilikuwa kwenye basi!

Alirukia baiskeli ya Egide, akateremka mbio kuelekea kituoni. Basi lilikuwa limeshaondoka! Akalifukuza akipiga mayowe, wauza samaki nao wakampokea: "Simamisha! Simamisha!" Kondakta akachungulia, akamtambua, akacheka, akamrushia boksi lake la kadi dirishani. Faradji akalidaka kifuani, nusura aanguke na baiskeli.

Dukani akaipachika kadi moja kwenye kompyuta, akakaza skrubu. Waya ukachomekwa, na Umutoni huyo kwenye kioo, akicheza na mashangazi zake! Denyse akapiga vigelegele, akashukuru kama anayemshukuru aliyempa ng'ombe.

"Yampaye inka! Mumeniokoa!"

Filamu ilifika bibi arusi akiwa bado ndani. Faradji alijawa na furaha hata machozi yakamlenga.

"Na ile mupya?" Egide akamchokoza.

"Siku itafika tutaipokea. Leo tunakula na hii."

Kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.