Jina la Feruzi Lilivyopanda Barazani

Hapo kale, kabla halijawa jina la mtoto wa mtu yeyote, Feruzi lilikuwa jina la wafalme wa Ajemi. Huko maana yake ni mshindi, na mfalme asiyependa kuitwa mshindi hajazaliwa. Waajemi walipokuja kukaa pwani walikuja na majina yao. Matajiri wakaona ni fahari kumpa mtumwa jina la kifalme, kama mtu anavyomwita mbwa wake Simba. Basi jina likashuka kutoka kwenye kiti cha enzi mpaka kwenye tanuu la chokaa, na hakuna muungwana aliyelitaka tena.

Katika mji wa Shungi alikuwako mwanamke muungwana, Mize binti Shomari, ambaye watoto wake wote walikufa kabla ya kuota meno. Mumewe, Mwinyi Dadi, aliwachagulia majina makubwa makubwa, Sulemani, Haruni, Iskandari, mazito kwa vitoto ambavyo hata shingo havijakaza. Mize alipopata mimba nyingine, mkunga alimwambia, "Mwanangu, kifo kina masikio. Kikisikia jina la heshima kinajua nyumba hii ina kitu cha kuchukua. Huyu mpe jina la mnyonge."

Mize akalibeba tumbo lake mpaka tanuuni, kwa Feruzi, mtumwa wao mchoma chokaa.

"Nimekuja kukuomba jina."

Feruzi akacheka mpaka vumbi likamtoka kwenye nyusi. "Bibi, kila nilicho nacho mmenipa nyinyi, hata hilo jina. Leo mnakuja kuomba?"

"Linakaa kwako, ndiyo maana nakuomba wewe."

"Nikikupa, mimi na mtoto tutakuwa somo, watu wa jina moja. Na somo hatumwi kuni, somo hula sahani moja na wenye nyumba. Bwana anajua?"

"Bwana niachie mimi."

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Mwinyi Dadi aliposikia jina akafura. "Mwanangu aitwe kama mchoma chokaa! Watu watasema nini?"

"Wale waliokuja kumzika Sulemani na Haruni na Iskandari walisema maskini," Mize akamjibu. "Sasa waseme watakalo."

Mume akakubali, lakini nusu. Siku ya kumpa mtoto jina alilitamka Feruzi mbele ya wazee, kisha mwenye jina akatumwa tanuuni asije akaonekana. Jina alilitaka, mwenyewe hakumtaka. Wanaume walipokuwa barazani wakingoja wali, mtoto akashikwa na homa, akakataa ziwa, macho yakamgeuka. Mize alikwisha kuyaona macho yale mara tatu.

Hakulia. Alituma Feruzi aitwe, kisha akatoka nje na mtoto wake, mzazi ambaye arobaini yake haijaisha, akapita katikati ya wanaume wakiinamisha vichwa kwa aibu. Akamkalisha Feruzi kwenye mkeka wa Mwinyi Dadi, na chokaa yake yote, akampakatisha mtoto.

"Huyu ni somo ya mwanangu," akasema. "Anayetaka kumtuma kuni aanze na mimi."

Baraza zima likamtazama Mwinyi Dadi. Naye akamtazama mtoto, jinsi alivyokuwa akihema. Akavuta sinia ya wali, akaisogeza mbele ya Feruzi, akasema, "Karibu, somo. Anza wewe."

Feruzi akala. Jioni mtoto akashika ziwa. Wapo wanaosema homa ingeshuka tu yenyewe. Haya. Hao hao ndio waliokuwa wa kwanza kuwaita wajukuu zao Feruzi, na watumwa wenye jina hilo wakakaribishwa barazani mmoja mmoja, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuchukua jina akamwacha mwenyewe kwenye jua kali.

Na tangu siku hiyo mpaka leo, mtoto wa Shungi akipewa jina la Feruzi, hutafutwa kwanza Feruzi mkubwa, awe imamu au mbeba maji, akalishwe kwenye mkeka wa wenye nyumba, apakatishwe mtoto, na ale kabla yao. Wanaoona kinyaa kula naye, na wamtafutie mtoto wao jina lingine.