Malenga Aliyekwama Kooni mwa Zimwi

"Ulimjua wapi wewe? Mimi ndiye kaka yake."

"Na mimi mumewe, shemeji, nilikuwa mpangaji?"

Sikizeni, wenzangu. Waligombana hivyo mbele ya Shemsa, siku ya arubaini ya mama yake, Bi Mwanamize malenga, aliyeacha mashairi matatu. Ukungu ukajaa chumbani taratibu, na ndani yake akaketi Zimwi, ambaye humeza kumbukumbu za malenga, na mashairi yao husahaulika duniani.

Kaka akasema, "Hakuwahi kukasirika." Zimwi akameza, na shairi moja likafutika vichwani mwa wote.

Mume akasema, "Hakuwahi kukosea." Zimwi akameza, na la pili likafutika.

Likabaki moja tu. Shemsa akasita, maana marehemu husifiwa, hasemwi. Kisha akasema polepole, "Mama aliunguza wali akitafuta vina, halafu akamsingizia paka."

Zimwi akameza, akakohoa. Akameza tena, akakohoa. Mara ya tatu akatapika, na mashairi yote matatu yakaelea chumbani kama moshi wa udi, yakarudi vinywani mwa watu.

Zimwi akainuka akifuta machozi. Alipofika mlangoni akageuka, akamwambia Shemsa, "Wale wa kusifiwa hushuka kama uji, mwanangu. Huyu wenu bado ana mifupa."